Kadi Ikishaingia Sandukuni

Mjukuu wangu Neema amenifundisha kutumia simu ya kupangusa, nami nimeamua kumfundisha kucheka. Msishangae, wanangu. Kucheka nako kuna mafunzo yake, na nyinyi mnaosoma sekondari siku hizi mnayahitaji kuliko mnavyodhani.

Juzi jioni alikuwa amejilaza kwenye kochi langu, simu usoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikamwuliza kuna nini. Akanionyesha kikundi cha darasa lao. Ilikuwepo picha ya msichana mwenzao, kapigwa akiwa amesinzia darasani, mdomo wazi. Chini ya picha palikuwa na maneno ya kejeli, na chini ya maneno kulikuwa na safu ndefu ya vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Kimoja kilikuwa cha Neema.

"Mimi sijaandika kitu, Bibi," akasema alipoona sura yangu imebadilika. "Nimecheka tu."

Nimecheka tu! Nimefundisha sekondari Tanga mjini maisha yangu yote ya kazi, Kiswahili na Jiografia, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa malezi. Maneno hayo nimeambiwa na watoto wa kila namna, wakali na wapole, na kila mara yalinipandisha hasira ile ile. Sikumkaripia Neema. Nilimwambia azime simu, aweke chai jikoni, akae anisikilize. Haya niliyomwambia yeye ndiyo ninayowaandikia na nyinyi.

Kwanza futeni wazo kwamba kuoneana mtandaoni kumeletwa na simu. Sisi tulikuwa na mtandao wetu, na ulitumia betri mbili kubwa. Redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa, Tanga nayo ikapata yake, na kipindi kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha salamu. Ulinunua kadi dukani, ukajaza jina lako, majina ya unaowasalimu, ujumbe na wimbo unaoutaka, kisha ukaitumbukiza kwenye sanduku la mbao lililofungwa kufuli, pale pale dukani. Baada ya siku kadhaa mtangazaji anaisoma, na Ngamiani nzima, mtaa wetu mkubwa wa barabara za namba, inasikia, kutoka barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, maana kila baraza lilikuwa na redio na kila redio ilifunguliwa kwa sauti ya kusikiwa na jirani.

Watu walijipa majina ya kutumia salamu. Hakuna aliyetuma kwa jina alilopewa na babake. Ndiyo maana nawaambia tulikuwa na mtandao: majina ya bandia tulikuwa nayo, na watu wa kucheka tulikuwa nao tele.

Sasa, palikuwa na binti kidato cha tatu nitakayemwita Mwanahawa, ingawa silo jina lake. Kwao ni Mkwaja, kijiji cha wavuvi, na alikuwa akikaa Ngamiani kwa shangazi yake, Bi Mwanaisha, muuza bajia. Mtoto alikuwa na kichwa cha Hesabu ambacho hata walimu wa Hesabu walikuwa wakikiogopa kidogo. Miguuni alivaa katambuga, vile viatu vinavyokatwa kwenye tairi kuukuu la gari.

Hapo lazima niwaeleze jambo, maana najua nyinyi mmezaliwa maduka yamejaa. Miaka ya dhiki, kabla ya redio hizo, katambuga tulivaa wote. Mimi mwenyewe, mwalimu mwenye cheti, niliingia darasani na katambuga na gauni lililoshonwa kutoka kwenye pazia. Sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai. Chaki moja tuliivunja vipande vitatu, na betri za redio tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Hakuna aliyemcheka mwenzake viatu, kwa sababu mcheka na mchekwa walikuwa wamevaa tairi lile lile.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikamwagika sokoni. Vijana wakaanza kuvaa raba nyeupe za Ulaya zenye mistari, na kwa mara ya kwanza ukaweza kumjua mtu kwa kumtazama miguu. Mimi nilifurahia mitumba, sisemi uongo, nililisahau lile pazia siku ile ile. Lakini Mwanahawa alibaki na katambuga, na katika darasa la raba zilionekana.

Siku moja kipindi cha salamu kikasoma kadi iliyomsalimu msichana wa kidato cha tatu kwa jina la kejeli lililotokana na viatu vyake, na ujumbe wa kejeli zaidi juu yake. Mtaniuliza jina lenyewe lilikuwa lipi. Sisemi. Mtajua kwa nini.

Aliyetuma alijificha nyuma ya jina la kubuni. Asubuhi yake shule nzima ilikuwa inalitamka lile jina, mpaka watoto wa kidato cha kwanza ambao hawakuwa wakijua hata Mwanahawa ni yupi. Wiki iliyofuata ikasomwa kadi ya pili. Wateja wa shangazi yake nao wakaanza, wakinunua bajia wanamwita hivyo, kwa utani mwema kabisa, kama walivyodhani. Mwanahawa akaacha kuja shule.

Nilikwenda kwao. Bi Mwanaisha alinipokea na mwiko mkononi.

"Karibu kitako, Mwalimu. Mtoto huyo ndani. Hataki hata kutia tonge kinywani. Anasema anarudi Mkwaja kwa babake, na mimi nikimzuia naonekana nataka mtumishi wa kukaangia bajia. Wallahi nimechoka."

Niliingia. Mwanahawa alikuwa amekaa kitandani, anatazama ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lini unarudi?"

"Sirudi. Nimemtumia baba salamu. Jumamosi ya wiki ijayo kuna lori la kwenda kule, nitapanda hilo."

Nilijua maana yake. Msichana akiondoka kidato cha tatu kwenda Mkwaja, harudi. Ataolewa, au atasaidia nyumbani, na kile kichwa cha Hesabu kitaishia kuhesabu vikapu vya samaki. Sina dharau na samaki wala na ndoa. Lakini yeye alitaka kusoma, na aliyemtoa shuleni ni kadi ya salamu. Nilitoka mle ndani nimepandwa na mori.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hasira hiyo ilikuwa na historia. Nilipoanza kazi, katikati ya dhiki, tulikuwa na kijana mmoja kutoka kambi ya mkonge, mtoto wa wafanyakazi waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Shati lake la shule lilikuwa la gunia. Ndiyo, gunia, mama yake alilishona vizuri sana. Mtu akaandika neno la kumdhihaki kwa mkaa kwenye ukuta wa choo cha wavulana. Waliolisoma hawakuwa wengi, maana choo kile kilikuwa hakimvutii mtu kukaa.

Mkuu wetu wa shule alikuwa mtu mwema mwenye sauti nzito. Alichukia uonevu kwa dhati. Asubuhi, mstarini, alitusimamisha wote, walimu na wanafunzi, akalaani jambo lile kwa ukali unaostahili, na ili kila mtu aelewe ubaya wake, akalisoma lile neno, polepole, kwa sauti ya kufika mpaka getini. Kisha akalichapa darasa zima la yule kijana ili mwandishi ajitaje. Hakujitaja mtu.

Kufika saa ya uji, shule nzima ilikuwa inaliimba lile neno. Tena darasa lililochapwa lilimchukia yule kijana, maana kwao yeye ndiye aliyewaletea fimbo. Baada ya wiki chache alikwenda likizo kambini na hakurudi. Mpaka leo sijui aliishia wapi, na mpaka leo inaniuma.

Siku ile ile ya mstari, aliyekuwa mwalimu wa malezi, Mwalimu Mbarouk, Mpemba mnene mwenye kofia iliyokaa upande, alinivuta pembeni ya ofisi ya walimu. Nilikuwa nimeshapanga madaftari ya wavulana wote nilinganishe miandiko, nimkamate mwandishi.

"Bibie, unafanya nini?"

"Namtafuta aliyeandika."

"Aliyeandika ni mmoja. Ukimpata utamfukuza, kesho ataandika mwengine. Mie siulizi nani kaandika. Mie nauliza nani kacheka. Maana pasipokuwa na wa kucheka, mkaa ule ungeandikwa mara moja tu, basi."

"Na Mkuu je?"

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Yule bwana kazima moto kwa mafuta ya taa. Mkaa ulikuwa chooni, yeye kauleta mstarini."

Nililirudisha lile rundo la madaftari. Mwalimu Mbarouk alistaafu baadaye, akarudi Pemba kwenye karafuu zake, akaniachia kazi ya malezi na kofia ya ziada ambayo sikujua niifanyie nini. Lakini somo lake nilikuwa nalo, na nilijiona nimelielewa. Nilikuja kugundua kwamba kulielewa na kuliweza ni mambo mawili.

Maana nilipotoka kwa Bi Mwanaisha nilikwenda moja kwa moja kwenye kile kituo cha redio. Mtangazaji wa salamu alikuwa Hamisi, mwanafunzi wangu wa zamani. Darasani nilikuwa nikimwuliza mji mkuu wa Zambia anaweka kichwa mezani. Sasa alikuwa na sauti ya asali na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu! Leo umekuja kutuma salamu?"

"Marahaba. Nimekuja kukutandika."

Nikamweleza. Kijana alihuzunika kweli. Akasema yeye husoma kilichoandikwa, hajui majina ya utani ya watoto wa shule. Akaahidi kwamba kuanzia siku hiyo atazichuja kadi. "Na leo hii nitalirekebisha, Mwalimu. Niachie mimi."

Nikamwachia. Nilikuwa na haraka, nina vitabu vya kusahihisha. Sikumwuliza atalirekebishaje.

Jioni nikafungua redio yangu. Hamisi, kwa sauti ile ya asali, akatangaza kwamba kituo kinamwomba radhi msichana fulani wa kidato cha tatu, akalitaja lile jina la kejeli. Akawaasa wasikilizaji wasimwite tena hivyo, akalitaja. Akamtakia kila la heri, akalitaja mara ya tatu, kisha akampigia wimbo mzuri sana. Hata wale waliokuwa hawajui kisa wakakijua. Nilibaki na kijiko mkononi. Mkaa ulikuwa umeletwa mstarini tena, na safari hii mstari ulikuwa mkoa mzima.

Ndiyo maana nimekataa kuwaandikia lile jina, wanangu, na sitaliandika. Mkilaani kitu kwa kukirudia, mmekirudia. Siku hizi naona watu wanasambaza picha ya mwenzao na kuandika chini yake, "Jamani huu si uungwana, acheni." Acha wewe kwanza!

Palikuwa pamebaki siku chache lori la Mkwaja lije. Hapo ndipo nilipoamua kuifanya kazi niliyofundishwa na Mwalimu Mbarouk, badala ya kuisifu tu.

Niliingia kidato cha tatu na redio yangu ya nyumbani kwapani. Nikaiweka mezani, imezimwa. Wakachangamka, wakidhani kuna matangazo ya mpira.

"Kadi ile ilisomwa," nikasema. "Aliyeituma simtaki. Asijitaje, na mtu asimtaje. Ninyi wengine ndio ninaowataka. Aliyeisikia anyooshe mkono."

Karibu wote.

"Aliyecheka?"

Mikono ikapungua, ikabaki ya wakweli. Niliwashukuru, na nilimaanisha.

"Aliyemsimulia mtu mwingine asubuhi yake?"

Wakatazamana. Mkono mmoja mmoja ukapanda, kisha mingi.

"Aliyekwenda kwa Mwanahawa?"

Hakuna. Msichana mmoja akaanza kulia. Nilimwambia anyamaze, machozi tutayapangia kipindi kingine, leo tuna kazi.

Hapa sikilizeni vizuri, maana huu ndio ufundi wenyewe. Watu hudhani neno jema litakuja lenyewe wakati wake ukifika. Haliji. Utani wa kikatili unakuja haraka kuliko chafya, na wewe unabaki umeachama. Kwa hiyo neno jema lazima lifanyiwe mazoezi, kama mlivyokaririshwa jedwali la kuzidisha. Niliwasimamisha wawili wawili. Mmoja aanze kejeli ya kubuni juu ya mwalimu, juu yangu nikipenda, na mwingine aizime.

Niliwapa masharti. Usihutubie, maana ukihutubia wataanza kukucheka wewe. Usimtukane anayetania, maana hapo mnakuwa wawili wa kutukanana na watazamaji wanafurahi zaidi. Sema sentensi moja fupi, kavu: imeshachuja hiyo, kama unavyosema kanga iliyopauka. Halafu mgeukie yule anayeonewa umwambie jambo la kawaida kabisa, la masomo, la chakula, la mvua, ili ajue kwamba bado ni mtu kama wengine. Ukimpa pole mbele ya watu unamwonyesha kidole kwa mkono mwingine.

Walikuwa wabovu kupindukia. Mbovu kuliko wote alikuwa Shekue, kijana mrefu wa Kibondei kama mimi, kwao Muheza, raba zake nyeupe kila siku zimepakwa chokaa ya ubao. Zamu yake ilipofika alisimama kama karani wa mahakama.

"Ndugu mwanafunzi mwenzangu, jambo ulilolitamka hivi punde..."

"Keti, Shekue," nikasema. "Umeshatufunga miezi sita."

Darasa likacheka, naye akacheka kwa shida. Nilimrudisha mbele mara nyingi, na kila mara alikuwa mbaya kuliko mwanzo. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikadhani ni haya tu.

Kipindi kilipokwisha alibaki nyuma, akafuta ubao bila kuagizwa.

"Mwalimu," akasema akiwa amenipa mgongo. "Kadi ikishaingia sandukuni, inaweza kutolewa?"

"Labda uvunje sanduku. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nikabeba redio yangu nikaenda zangu.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanaisha kujaribu mara ya mwisho. Mwanahawa alikuwa ameketi ukingoni mwa baraza, begi lake kando, katambuga miguuni, anasubiri lori. Wasichana wawili wa darasa lake walikuwa wamemtembelea siku zilizotangulia, akanijibu kwamba anawashukuru, lakini ataondoka. Alisema hivyo kwa adabu kubwa, na adabu ile ndiyo iliyonikatisha tamaa.

Shekue alikuwa pale. Nilimkuta amekaa kwenye benchi na sahani ya bajia, anakula moja moja kama mtu aliyekatazwa na daktari. Bi Mwanaisha akaninong'oneza, "Huyu kijana yuko hapa tangu nimewasha moto. Hamalizi wala haondoki." Karibu naye alikuwa mzee fundi baiskeli wa jirani, na redio ilikuwa dirishani ikiimba.

Kipindi cha salamu za Jumamosi kilikuwa na mtangazaji mwingine, binti mgeni. Hamisi alikuwa hajamwambia neno juu ya kuchuja kadi. Akasoma kadi ya kwanza, ya pili, kisha nikasikia lile jina la kubuni la mtumaji, na baada yake lile jina la kejeli. Ilikuwa kadi ya tatu.

Mwanahawa aliinamisha uso mpaka magotini.

Mzee fundi akacheka. "Eh! Huyu si ndiye..."

Shekue akasimama kwa ghafla, bajia mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee akajibu, ameshangaa.

"Imeshachuja hiyo, mzee wangu."

Alilisema kwa sauti ya kukwaruza, lakini alilisema. Mzee akafumba mdomo. Nadhani hakukasirika, aliona tu kwamba kicheko chake kimebaki peke yake, akarudia spoki zake. Shekue akamgeukia Mwanahawa. Palikuwa pamebaki jambo la kawaida, na nikaona usoni pake kwamba amelisahau.

"Jumatatu," akasema. "Jumatatu tuna jaribio la Hesabu."

Mwanahawa akainua uso. "Hatuna."

"Basi Jumanne."

"Jumanne ni Kiswahili," nikadakia mimi.

"Basi jaribio la Kiswahili, Mwalimu, mimi nalisubiri kwa hamu."

Uongo ulioje! Shekue na Kiswahili changu walikuwa hawajawahi kusalimiana. Mwanahawa akanitazama, akamtazama yeye na ile bajia iliyomvimbisha shavu, akaangua kicheko. Kikaja chote kwa mara moja, mpaka akajishika mbavu. Bi Mwanaisha akasimama na mwiko wake, mafuta yanadondoka, anafuta macho kwa upande wa kanga.

Lori lilipofika kona likapiga honi. Likapiga tena.

"Shangazi," Mwanahawa akasema, "waambie waende."

Niliondoka na kuwaachia bajia zao. Jumatatu Mwanahawa akaja shule, amevaa raba nyeupe kubwa zinazompwaya. Nikadhani shangazi yake kamnunulia mitumba kwa kukadiria. Shekue naye akaja anachechemea, kavaa katambuga zilizokwisha kabla ya visigino vyake. Nikasema moyoni, huyu kijana ameelewa somo, anavaa kama mwenzake kumpa moyo. Nilitaka kumsifu mstarini. Bahati nzuri nikamkumbuka Mwalimu Mbarouk, nikameza sifa zangu nikaenda darasani.

Mwanahawa alimaliza kidato cha nne, akaendelea mbele. Leo anafundisha Hesabu Handeni, na nasikia wanafunzi wanamwogopa, jambo ambalo limenifurahisha.

Miaka imepita. Siku moja niko stendi ya Muheza nachagua machungwa, mtu mwenye kitambi akanipokea kapu.

"Shikamoo, Mwalimu Foibe. Haya ni yangu, chagua unayotaka."

Alikuwa Shekue, mfanyabiashara wa machungwa. Tulikaa kivulini mwa duka tukamenya. Alikuwa mzungumzaji sasa, ule ukarani wa mahakama ulikuwa umemtoka. Kisha akawa anakizungushazungusha kisu.

"Mwalimu, zile kadi. Hukuwahi kumtafuta mtumaji?"

"Sikumtafuta."

"Nilikuwa mimi."

Chungwa lilinitoka mkononi.

"Nilitumbukiza tatu kwa siku moja," akasema. "Ulipoleta ile redio darasani, mbili zilikuwa zimeshasomwa. Ya tatu ilikuwa bado. Nilikuuliza kama inaweza kutolewa, ukaniambia mpaka nivunje sanduku. Nilikwenda nikalitazama lile sanduku, Mwalimu. Lilikuwa na kufuli kubwa, na mwenye duka alikuwa analala hapo hapo. Sikuweza kuitoa. Nikaona basi, itakaposomwa, niwepo."

Kumbe ndiyo maana alikaa na sahani ile tangu moto kuwashwa, anasubiri kusomwa kwa kadi yake mwenyewe.

"Na Mwanahawa anajua?"

"Nilimwambia pale pale, ulipoondoka. Alinikazia macho mpaka nikatamani anipige. Kisha akavua katambuga zake, akazisukuma kwa mguu. Akasema, 'Jumatatu utakuja na hizi. Zako nipe mimi.' Nikarudi nyumbani peku." Akacheka, akajifuta macho. "Zilinibana, Mwalimu. Ukiwaandikia watoto, uandike jina langu. Sitaki la kubuni."

Ndiyo hivyo nimeliandika. Nilipofika nyumbani nilikaa muda mrefu nikifikiri. Ningefuata ile hasira yangu ya kwanza, ningemsaka mtumaji, ningempata, na Shekue angefukuzwa shule wiki ile ile. Ningejiona nimeshinda. Na Jumamosi, kadi ya tatu ingesomwa vile vile, maana ilikuwa imeshaingia sandukuni, na barazani pangekuwa na mzee anayecheka na lori linalopiga honi.

Neema alisikiliza yote hayo mpaka chai yake ikapoa. Nilisubiri anibishie, kwa sababu ni mjukuu wangu na kubisha amekurithi. Badala yake akaichukua simu, akaiwasha, akaitazama ile picha ya mwenzake aliyesinzia. Hakucheka.

"Bibi, picha ikishaingia kwenye kikundi inaweza kutolewa?"

Safari hii sikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Inaweza kufutwa," nikasema. "Lakini walioiona wameshaiona."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Kwao ni wapi?"

"Barabara ya kumi na sita."

Neema akainuka, akavaa viatu, akafunga mtandio wake vizuri mbele ya kioo. Akaniaga akatoka. Simu aliiacha mezani, nayo ikaendelea kutetemeka na vicheko vya wenzake, hakuna wa kuvipokea.